Roboti Aliyeinama

Kwa wiki nzima New Zealand haikuwa na neno jingine: kwa nini yule roboti aliinama? Nilisoma maoni ya watazamaji mitandaoni mpaka macho yakaniuma, nikicheka peke yangu jikoni kama mwehu. Mmoja wa Dunedin alisema ni hitilafu, betri yake inakwisha. Mwingine akasema mnaona vibaya, hiyo ni dalili ya kwanza kwamba mashine imeanza kuwa na roho. Kuna pia bwana mmoja aliyejirekodi video ndefu kama mahubiri ya Pasaka, amechora mistari myekundu juu ya mgongo wa roboti na kupima pembe, akahitimisha kwamba ni ishara ya siri baina ya maroboti. Wanapanga uasi.

Uasi! Yule ni Fuatino wetu, binti wa kaka yangu, na alikuwa anapita mbele ya watu waliokaa.

Tamthilia yenyewe inaitwa Wasiolala. Inahusu familia tajiri ya Wellington iliyonunua mtumishi wa kike ambaye ni mashine, lakini ukimtazama huwezi kumtofautisha na binti wa mtu. Jina la mashine hiyo ni Nora, na Fuatino ndiye Nora. Hapepesi macho, hajikuni pua, hacheki hata watoto wa pale nyumbani wakimtekenya. Mimi namjua tangu anazaliwa, na siku ya kwanza kumwona kwenye runinga niliogopa. Halafu ikaja sehemu ya nne. Wageni wamekaa sebuleni kwa wale matajiri, wanakunywa mvinyo, na Nora anatakiwa apite katikati yao na sinia. Akapita. Lakini alipokuwa anapita akakunja mgongo, akashusha mkono mmoja kuelekea sakafuni, na midomo ikachezacheza kidogo.

Sebuleni kwangu, hapa Māngere, palilipuka.

"Amesema tulou!" binamu yangu Lusia alipiga kelele, kakao yake ikamwagikia zulia langu. "Jamani, mashine imesema tulou!"

"Sasa ulitaka apiteje?" mama yangu akamuuliza, hata kushangaa hakushangaa. "Wima kama mlingoti, mbele ya watu wazima?"

Kwetu Wasamoa hakuna asiyejua jambo hili. Ukipita mbele ya mtu aliyekaa unainama, unaomba radhi kwa neno hilo moja, na ukisahau utotoni kuna mkono wa mtu mzima utakaokukumbusha. Fuatino alikumbushwa sana, na aliyemkumbusha ni baba yake, Aperamo.

Ila Aperamo hakuwepo kuona. Kila Jumatatu tamthilia ikikaribia kuanza, kaka yangu alichukua funguo za gari akatoka, ati anakwenda kuangalia kama milango ya kanisa imefungwa. Ni shemasi, namheshimu, lakini ana kichwa kigumu kama nazi kavu. Fuatino alipomletea habari kwamba amepata kazi ya kuigiza roboti, nilikuwepo. Nilisikia kila neno.

"Mimi na marehemu mama yako tulisafisha ofisi za watu ili wewe usije ukawa mtumishi wa mtu," alimwambia. "Leo unakwenda kuwa mtumishi wao kwa kupenda kwako? Tena mtumishi asiye na roho? Basi kila tulichokufundisha umekitupa."

"Ni kuigiza tu, Baba."

"Mlango ule pale."

Tangu siku hiyo hawakusemeshana. Nilimwambia kaka yangu kwamba amekosea. Akaniambia mimi, Telesia, mdomo wangu haujawahi kupumzika tangu tushuke kwenye ndege iliyotutoa Samoa. Hilo ni kweli, lakini halikuwa jibu.

Jumamosi kabla ya sehemu ya mwisho, Fuatino akanipigia simu.

"Shangazi, nimekwama."

Akanieleza. Jumatatu, tamthilia ikiisha, kutakuwa na kipindi cha moja kwa moja ambapo watazamaji watauliza maswali, na swali kubwa ni lile lile la kuinama.

"Waandishi hawakuiandika, Shangazi. Ilinitoka tu. Mwongozaji akaipenda, akaiacha. Sasa wameshaandika msimu wa pili mzima juu yake, kwamba Nora anainama kwa sababu ameamka. Wananitaka niseme ulikuwa mpango wao tangu mwanzo."

"Na ukisema ukweli?"

"Wataonekana wajinga nchi nzima. Wamenionya kwamba watatafuta Nora mwingine. Ni mashine ati, sura inabadilishwa."

"Wewe mwenyewe unataka nini, mwanangu?"

"Naitaka kazi hii. Sijawahi kutaka kitu namna hii. Lakini nikisimama pale nikasema waliobuni ni wao, basi Baba ana haki. Nitakuwa nimekitupa kweli."

Kumwambia adanganye singeweza, na kumwambia apoteze kazi yake niliona uchungu. Nikamwambia avae vizuri.

Jumatatu ilipofika, Aperamo akanyoosha mkono kuchukua funguo. Mama alikuwa amezikalia.

"Leo unakaa," akasema.

"Mama, milango ya kanisa..."

"Mungu atajifungia. Kaa."

Hakukaa, alisimama kwenye mlango wa jikoni. "Nipo, lakini siangalii."

"Fumba macho," Lusia akamwambia. "Masikio hayana mfuniko."

Sehemu ya mwisho ikapita, kikaanza kipindi cha maswali. Fuatino alikuwa amevaa gauni la buluu na ua sikioni, na kumwona anapepesa macho kama binadamu kulinifurahisha kuliko tamthilia nzima. Kando yake kwenye kochi aliketi mwandishi mkuu, bwana mwembamba mwenye ndevu. Mtangazaji akampa kipaza sauti mtazamaji wa kwanza, na nani tena kama si yule wa mistari myekundu!

"Nimepima mgongo wa Nora kwenye picha zote," alisema, sauti ikimtetemeka kwa furaha. "Haiwezi kuwa bahati mbaya. Naomba kujua, nani aliyeibuni ile alama?"

Mwandishi akamgeukia Fuatino, akatabasamu, akamtikisia kichwa kumpa moyo. Nilishika mkono wa Mama, au yeye aliushika wangu.

"Hakuna aliyebuni," Fuatino akasema. "Nilisahau kwamba mimi ni mashine. Watu walikuwa wamekaa, na mimi napita mbele yao. Kwetu hupiti hivi hivi."

Mtangazaji akacheka kidogo, hajui ashike wapi. "Kwa hiyo lilikuwa kosa?"

"Kwa Nora ndiyo, lilikuwa kosa. Lakini mimi ni binti wa Aperamo Leavasa wa Māngere. Kwangu mimi kosa lingekuwa kupita wima."

Nilipiga ukelele mpaka mbwa wa jirani wakajibu. Mama alikuwa analia bila kujificha. Sijui nieleze vipi nilivyojivuna. Kwenye runinga watu walikuwa wanapiga makofi, na bwana wa mistari myekundu ndiye aliyesimama wa kwanza. Mwandishi peke yake alibaki na mikono yake magotini.

"Kazi imekwenda hiyo," Lusia akasema taratibu.

Kipindi kilipokwisha tukageuka kumtazama Aperamo. Hakuwepo mlangoni. Simu yangu nayo haikuwepo mezani. Tukatega masikio, tukamsikia jikoni, na kwa kuwa hajui kutumia simu ya mtu mwingine alikuwa ameiweka kwenye spika.

"Shangazi?" ilikuwa sauti ya Fuatino, bado anahema. "Umeniona?"

"Si shangazi yako."

"Sehemu ya nne," Aperamo akaanza, kwa sauti ile ile anayosomea matangazo kanisani, "mgongo ulikuwa juu mno. Mwenye sinia hushuka zaidi. Na sehemu ya sita ulimpita yule bibi mgonjwa wima kabisa, hata shingo hukuipinda. Niliona aibu peke yangu ndani ya gari."

Lusia akaziba mdomo kwa mikono miwili.

"Baba," Fuatino akasema, "umeziangalia?"

"Zote. Kioo cha simu ni kidogo, lakini naona. Msimu wa pili ujirekebishe."

"Huenda msimu wa pili nisiwepo, Baba." Sasa alikuwa analia. "Watamchukua mwingine."

Tukamsikia kaka yangu anavuta kiti.

"Wamchukue," akasema. "Huyo mwingine atafundishwa na nani? Njoo nyumbani ule."