Mtungi wa Sebuleni

Mimi ni mtu wa kushuku. Mteja akiniambia mabati anayonunua ni ya banda la kuku, namuuliza ni kuku gani hao wanaohitaji pia vitasa na vioo vya dirisha. Duka la vifaa vya ujenzi linakufundisha hivyo. Ukiamini kila unaloambiwa, mwaka hauishi kabla hujafunga milango. Kwa hiyo siku waliponitafuta niingie Kamati ya Maadili ya Utafiti, katika ile taasisi ya serikali nyuma ya soko, mume wangu Jigar alicheka hadi akashika meza.

"Hapo wamepata mtu wao," alisema.

Sheria yao inataka mjumbe mmoja asiye mwanasayansi wala mwajiriwa wa serikali, mkazi wa kawaida atakayeuliza maswali ya watu wa kawaida. Pesa za utafiti ni za umma, na umma lazima upewe kiti. Basi mimi ndiye umma. Nimezaliwa Kisii, nimesoma Kisii, na Ekegusii nakizungumza vizuri kuliko Kigujarati. Nikikasirika, hicho ndicho kinachotoka kwanza.

Siku hiyo Daktari Jethro Ombui alituletea ripoti yake ya mwisho kuhusu mitungi. Ni mitungi mizuri, siwezi kusema uongo: ya udongo, imechorwa maua, ina chujio ndani na koki ndogo chini. Serikali iliilipia, ikagawiwa nyumba za Birongo zinazochota maji kwenye chemchemi iliyo bondeni chini ya soko. Ombui alisimama mbele yetu na suti yake ya kijivu akatuambia kwamba maji ya karibu nyumba zote sasa ni safi kabisa. Watu wa mipango wa kaunti, alisema, wanangoja tu kamati ipitishe ripoti. Baada ya hapo mitungi itasambazwa kila kijiji, na ule mpango wa kuvuta maji ya bomba mpaka Birongo utawekwa kando kwa sababu hauna haja tena.

Wajumbe walipiga makofi. Mimi sikupiga, maana nilikuwa namfikiria Gesare.

Gesare amefanya kazi dukani kwetu tangu binti yangu Khushi akiwa wa kubebwa. Nyumba yake iko Birongo na mtungi anao. Na mwezi huohuo alikuwa ameomba ruhusa mara kwa mara ampeleke mjukuu wake Mose zahanati, mtoto anaharisha, anapona, anaharisha tena. Nilimwona Mose kwa macho yangu. Alikuwa amekonda, suruali yake ya shule imefungwa kwa kamba. Sasa kama maji ya nyumba ile ni safi kabisa, Mose anaharishwa na nini?

"Mlipima watoto?" niliuliza.

"Tulipima maji, Mama Khushi," Ombui alijibu. "Bajeti ilifika hapo. Lakini maji yakiwa safi, afya inafuata."

"Na maji yenyewe mliyatoa wapi?"

"Kila nyumba. Wasaidizi wangu waliomba gilasi ya maji ya kunywa, wakayamimina kwenye chupa za maabara mbele ya mwenyewe. Hatukuchagua sisi. Walitupa maji wanayokunywa."

Alijibu haraka mno kwa maoni yangu. Nikasema nina mtu wa Birongo ambaye mjukuu wake haponi. Hapo mwenyekiti wetu, Mzee Nyamweya, daktari mstaafu mwenye sauti ya upole inayouma, aliweka miwani yake mezani.

"Mama Khushi," alisema, "wewe si unauza mabomba?"

Watu walicheka. Nilihisi masikio yanawaka. Kilichoniuma zaidi ni kwamba swali lilikuwa la haki: mradi wa bomba ukipita, hakuna duka mjini lenye mabomba mengi kuliko letu, na Jigar alikuwa ameshaanza kupanga atayahifadhi wapi.

"Tutapitisha wiki ijayo," Nyamweya alimalizia. "Ukipata ushahidi, ulete. Mabomba uyaache dukani."

Kesho yake Ombui alikuja dukani. Alinunua koki, akaigeuzageuza mkononi kama mtu ambaye hajui koki ni ya nini, kisha akaniambia kwa heshima zote kwamba ananielewa, biashara ni biashara, lakini ni vibaya jina la mtu kuchafuliwa kwa ajili ya biashara. Nilimwuliza kama hiyo koki anaihitaji kweli. Alilipa, akaenda. Mtu mwenye ripoti safi hana haja ya kuja kununua koki, nikajiambia, na tangu saa ile niliamini kabisa kwamba amepika hesabu.

Jumamosi nikaenda Birongo na Gesare.

Alinikaribisha sebuleni kama siku zote. Viti vyote vimevaa vitambaa vyeupe vya kushonwa kwa mkono, ukutani kuna kalenda ya kanisa, na mezani kando ya televisheni uko mtungi, nao umefunikwa kitambaa chake. Bathsheba, mke wa mwanawe, alifungua ile koki ndogo akaniletea maji kwa gilasi juu ya sinia. Nilikunywa. Yalikuwa matamu, hayana hata harufu ya udongo. Nikaanza kuingiwa na aibu, maana hayo ndiyo maji ya ripoti.

Nikaomba kunawa mikono, nikazunguka nyuma jikoni. Mose alikuwa amepiga magoti mbele ya ndoo, anachota kwa kikombe cha plastiki, anakunywa. Maji ya ndoo yalikuwa na rangi ya chai iliyokosa maziwa.

"Mose, kwa nini hunywi ya mtungi?"

Mtoto aliniangalia kama nimemwambia akalale kitandani kwa nyanya yake. Bathsheba ndiye aliyejibu.

"Hiyo ya sitirumu, huko sebuleni, ni ya wageni, Mama Khushi. Watoto watavunja. Ikivunjika, serikali italeta ingine?"

"Na nyinyi wakubwa?"

"Sisi tumezoea hii."

Gesare alikuwa amenifuata. Nilimgeukia nikamuuliza, hao wasaidizi wa daktari walipokuja na chupa zao, mliwapa maji gani?

"Walikuja na gari ya serikali," alisema Gesare, naye akiona ajabu kwamba nauliza. "Vijana wa watu, wamevaa vizuri, wanaomba maji ya kunywa. Tukawapa ya wageni. Ulitaka tuwape hii ya ndoo? Tungekuwa watu gani?"

"Lakini hao walitaka kujua mnakunywa nini nyinyi."

"Hawakuuliza hivyo. Walisema, tunaomba maji ya kunywa."

Tulipita nyumba za jirani. Kila tulikoingia, mtungi ulikuwa sebuleni juu ya kitambaa, na kila tulikoingia nililetewa gilasi juu ya sinia. Nyumba moja walikuwa wameuweka ndani ya kabati la vioo pamoja na vikombe vya harusi. Tumbo langu lilijaa maji safi ya serikali mpaka nikashindwa kutembea vizuri, na huko nyuma watoto walikuwa wanakunywa ya bondeni.

Lakini niseme ukweli wa moyo wangu. Kilichonichoma njia nzima ya kurudi mjini ni jambo dogo zaidi. Gesare na mimi tumelea watoto pamoja. Nimelia kwenye mazishi ya mume wake, nimepika kwenye sherehe za nyumba yake. Nilidhani mimi ni wa jikoni. Kumbe miaka yote hiyo mimi bado ni wa gilasi na sinia.

Nikamrudia Ombui kichwani. Kumbe hesabu hakupika. Hesabu ni za kweli, na hapo ndipo niliona ubaya wenyewe. Huyu ni mtu wa Marani, amezaliwa huko, amelelewa na mama wa Kigusii. Mgusii gani hajui maji anayoletewa mgeni ni maji gani? Alijua, niliamua. Alituma vijana wenye gari la serikali wakapewa heshima, akaipima heshima ile maabara, akatuletea kama sayansi.

Nilimwambia Jigar nitakalofanya. Akasema, "Kama utasema, sema ukiwa mikono mitupu. La sivyo hawatakusikia." Ni mtu mwema, ingawa usiku huo hakula.

Siku ya kikao niliomba kuzungumza kabla ya yote.

"Katibu, andika," nilisema. "Duka letu halitauza hata kipande cha bomba kwa mradi wa Birongo, sasa wala baadaye. Andika nione."

Katibu aliandika. Nyamweya alivua miwani. Nikawaeleza niliyoyaona: kitambaa, sinia, kabati la vioo, ndoo, Mose. Nilipofika kwenye lile kabati, mjumbe mmoja alijikuna shingo na mwingine akaanza kuhesabu vigae vya dari. Niliwaangalia mmoja mmoja. Wote walikuwa na mama, na mama wote walikuwa na sebule.

"Unasema nimedanganya umma," Ombui alisema kwa hasira.

"Nasema wewe ni mtu wa Marani," nilimjibu. "Hukuhitaji kwenda Birongo kujua. Nyumbani kwenu wanakunywa nini?"

"Nyumbani kwetu?" Alitoa simu mfukoni. "Mama yangu ana mtungi. Ule wa kwanza kabisa, wa majaribio, nilimpelekea mwenyewe. Kila nikienda nakunywa hayo maji, mke wangu anakunywa, watoto wangu wanakunywa. Sasa hivi nampigia, mumsikie wenyewe."

Nilimwangalia usoni nikitafuta ule ujanja nilioushuku. Haukuwapo. Alikuwa na uhakika kama mtu anayekuonyesha nyumba yake mwenyewe, na kwa mara ya kwanza nilianza kuogopa kwa niaba yake.

"Mwambie kwanza kwamba tunamsikia," Nyamweya alisema. "Hapa ni kamati ya maadili."

Simu iliwekwa katikati ya meza. Mama yake alijibu kwa Ekegusii, na sote tulioketi pale tulielewa. Ombui alimsalimu, akamweleza kwamba yuko na wakubwa wa kazini, wanamsikiliza, wanataka kujua kuhusu mtungi.

Mama alifurahi, ilisikika. Alitusalimu sote, akatuombea baraka, akatukaribisha Marani.

"Waambie mtungi uko salama," alisema. "Nimeutunza vizuri sana. Hakuna mtoto hata mmoja ameugusa tangu uulete."

Ombui aliuliza, "Watoto wa kaka wanakunywa wapi, mama?"

"Wanakunywa ya mto. Hao watavunja kila kitu."

"Na wewe?"

"Mimi niyanywe ya nini? Kwani kuna mgeni?"

"Lakini mama, mimi nikija huwa unanipa hayo."

Mama alicheka kidogo, cheko la mtu anayeulizwa jambo ambalo kila mtu analijua.

"Wewe sasa ningekupa maji gani, mwanangu? Unakuja na gari, unakaa kidogo, unarudi kwako. Siwezi kukupa ya ndoo."

Hakuna aliyecheka mezani. Ombui alimshukuru mama yake, akamwambia atampigia jioni, akakata. Kisha akanyoosha mkono, akaichukua ripoti yake kutoka mbele ya mwenyekiti, akaitia mkobani. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Nyamweya alitangaza kwamba ripoti haijapita, kazi irudiwe, safari hii watoto wapimwe, na kaunti iandikiwe leo hii isiguse mpango wa bomba la Birongo mpaka majibu yapatikane. Katibu aliandika. Nilipaswa kufurahi, na kwa ajili ya Mose nilifurahi kweli, lakini ile raha ya kumkamata mwizi sikuipata, kwa sababu mwizi hakuwapo.

Nilimkuta Ombui kwenye ngazi, amesimama tu na mkoba wake. Alikuwa ananidai radhi, nikamwomba. Alitikisa kichwa kana kwamba hilo si neno.

"Mama Khushi," aliuliza, "wewe walianza lini kukupa gilasi?"

"Tangu siku ya kwanza," nilimwambia. "Hawajawahi kuacha."

Alifikiri, akihesabu safari zake za nyumbani, nadhani, akirudi nyuma mpaka chuo kikuu, mpaka shule ya bweni.

"Mimi kuna siku nilikuwa nakunywa kwa kikombe cha jikoni," alisema. "Sijui iliisha lini."

Akashuka ngazi polepole, akiwa ameshika ukuta.