Siku Bunduki ya Mpendu Iliponikagua

Usiku wa kuamkia leo niliota nimekwenda kununua bunduki, na bunduki yenyewe ndiyo iliyonifungulia mlango.

Ni vizuri ijulikane mapema kwamba bunduki hiyo ipo kweli, sikuizua usingizini. Ni shotigani ya Bwana Mpendu, ya kuvuta na kusukuma. Chini ya mtutu kuna mkono wa mbao. Ukiuvuta, ganda la risasi iliyotumika linatoka, ukiusukuma, risasi mpya inaingia. Imechakaa. Kitako kimepasuka na kufungwa mpira wa tyubu ya baiskeli, mtutu umechujuka rangi, na ule mkono wa mbao unachezacheza. Mpendu anaiuza kwa kuwa macho yake yameingia mtoto wa jicho. Juzi nilipokwenda kuiona alinong'ona, ingawa tulikuwa wawili tu: "Ina tabia yake moja ndogo. Mara mojamoja hulia yenyewe ukisukuma mkono, kabla hujagusa kifyatulio. Utaizoea."

Nilikwenda kuiona kwa ajili ya mke wangu, Siwema. Shamba letu la mahindi liko bondeni kando ya mto, na nguruwe pori hawatupi nafasi. Tunalinda tukiwa juu ya dungu, kile kibanda kilichoinuliwa kwa nguzo katikati ya shamba, yeye akipiga debe na mimi nikirusha mawe. Debe limemuua sikio la kushoto. Mwaka jana tulivuna mabua. Mwaka huu, siku moja akipepeta mchele, aliniambia kwa upole: "Baba Pili, mimi dunguni bila bunduki sipandi tena. Ukishindwa, nitarudi kwetu Kilwa, na tafadhali usije kunifuata."

Siwema akifoka, kuna nafuu. Akisema kwa upole, ameshakata shauri.

Basi leo asubuhi kamati ya ulinzi ya kijiji ilikuwa ikae kunijadili kama nafaa kumiliki silaha. Nililala na jambo hilo kifuani, nalo likanichukua hadi kwa Mpendu.

Bunduki imesimama mlangoni kwa kitako chake. Imevaa kikoi cha Mpendu na inatazama juu. Napiga hodi ingawa mlango umeshafunguka, kwa sababu nimelelewa hivyo.

"Karibu, Mtulia," inasema. "Usikae mbele yangu. Kaa ubavuni."

"Shikamoo," nasema. Kwa umri, inanizidi.

"Marahaba. Uniwie radhi, siwezi kukutazama. Kanuni inasema mdomo wangu usielekezwe kwenye kitu ambacho mtu hataki kife. Na mimi siwezi kuzungumza bila mdomo."

Kwa hiyo inazungumza na mbingu. Kila neno linapopanda, wingu moja linanyong'onyea na kuanguka nyuma ya choo. Naona pale pana rundo la mawingu yaliyolowa, kuku wanayaparura bila kupata kitu.

"Nimekuja kukukagua," nasema.

"Naanza mimi."

Inaniambia nipanue kinywa nielekee kwenye mwanga. Natii. Inanichungulia kooni muda mrefu, vilevile nilivyouchungulia mtutu wake juzi, jicho moja nimelifumba.

"Sioni mwanga upande wa pili," inasema. "Una kutu."

"Zamani nilikuwa navuta sigara."

"Si moshi huu. Hujamwambia mkeo kuhusu ile tabia yangu."

Naona haya. Nataka kusema kwamba nilikuwa nangoja wakati mzuri, lakini bado nimepanua kinywa. Inaushika mkono wangu wa kulia, inauvuta, inausukuma, inasikiliza begani.

"Unachezacheza," inasema. "Nani alikutumia kabla?"

"Mama. Halafu kiwanda cha kuchambua pamba. Halafu Siwema."

"Wamekuchosha. Sikatai, lakini siwezi kukuchukua hivihivi. Kamati lazima ikae."

Nageuka kutafuta njia ya kutokea. Nyumba ya Mpendu haipo. Kamati inakaa chumbani kwetu, juu ya kitanda chetu, na imepanda na kwato zake. Wajumbe wote ni nguruwe pori. Mwenyekiti ni jike la makamo, amevaa miwani ya kusomea.

"Asalamu aleikum," ananiambia.

Nasita. Sijui dini inasemaje kuhusu kumwitikia nguruwe salamu. Mwishowe naitikia, ila kwa sauti ndogo.

"Usione tabu," anasema Mwenyekiti. "Hata sisi tuliuliza kwa wakubwa wetu. Tuliambiwa kuwasalimia inafaa. Kuwala, hapana."

Nauliza, kwa adabu, imekuwaje nijadiliwe na nguruwe.

"Kanuni inataka waulizwe majirani wa mwombaji. Tangu mahindi yatoe ndevu umelala na nani? Keti."

Sioni pa kuketi. Bunduki imejisimamisha pembeni ya kabati, mdomo juu, na hakuna anayeikaribia. Hata mto wangu wa kulalia unapitishwa kutoka kwa mjumbe hadi mjumbe kwa uangalifu mkubwa, ncha yake ikielekezwa ukutani. Kitana cha Siwema kinadondoka sakafuni na kamati nzima inalala kifudifudi.

"Kanuni inasema ihesabiwe kila mara kuwa ina risasi," ananieleza Mwenyekiti akiwa uvunguni.

"Si bunduki tu?"

"Walisahau kuandika ni nini. Tunahesabu vyote."

Wanarudi kitandani. Mjumbe mmoja, dume lenye jicho moja, anaombwa aseme anavyonifahamu.

"Hana hasira," anasema. "Mawe yake hupita kando. Nadhani anatuonea huruma, au basi mkono wake umechoka."

"Mlevi?"

"Hapana. Msinziaji."

"Kuna lingine?"

Dume lile linajikuna. "Siku ile ya mvua kubwa alishuka dunguni kajifunika kiroba. Akawa anatambaa kwa mikono na magoti katikati ya mahindi, anatafuta kiatu chake kilichonasa kwenye tope. Tulimpisha tukidhani ni mwenzetu. Shemeji yangu alimpa pole ya msiba."

Ni kweli. Nilidhani ile ilikuwa sauti ya mvua.

"Na mkewe?" anauliza Mwenyekiti.

"Naye hujifunika kiroba akishuka. Kwa ajili ya mvua, na mbu."

Wajumbe wanatazama kwato zao. Mimi natazama sakafu ya nyumba yangu, kwa sababu hilo la viroba nililijua siku zote na sikutaka kuliweka karibu na lile alilonong'ona Mpendu.

"Hilo ndilo nililotaka kuuliza," inasema bunduki ikielekea darini. Boriti moja inakata roho na kulegea. "Siku nikilia mwenyewe, Mtulia, nitakuwa nimeelekea wapi?"

Nasema kwamba sisi ni watu wa kula mara moja kwa siku ikifika mwezi wa tatu, na kwamba mke wangu atakwenda zake. Nasema sitaki aende. Nalisema mbele ya nguruwe, jambo ambalo Siwema mwenyewe sijawahi kumwambia.

Mwenyekiti anavua miwani. "Kamati imesikia. Imeridhika kwamba mna shida kweli. Mwombaji ajaribiwe."

Nageuka, chumba kimekwisha. Niko juu ya dungu, ni mchana kweupe, mahindi yamefika kifuani mwa mtu. Bunduki iko mikononi mwangu, nyepesi mno. Mwenyekiti anajitokeza kati ya mistari ya mahindi na kusimama, kifua mbele.

"Leo zamu ya kuwa shabaha ni yangu," anasema.

"Na wanao?"

"Nimewaacha kwa mama yao mdogo. Lenga, usinitie baridi."

"Kanuni ya mwisho," inasema bunduki ikiwa bado imeelekea mawinguni. "Jua kilicho nyuma ya shabaha."

"Nyuma yako kuna nini?" namuuliza Mwenyekiti.

Anasogea kando nione. Nyuma yake kuna lile dume la jicho moja. Nalo linasogea. Nyuma ya dume yupo Bwana Mpendu, anapapasa mahindi akitafuta njia ya kwenda kwake. Namwambia apinde kulia, anashukuru. Nyuma ya Mpendu yupo mama yangu, ambaye ni marehemu, kabeba beseni la nguo. "Mimi napita tu, mwanangu," anasema, na kweli anapita. Nyuma ya mama kuna kiroba.

Kiroba kinatambaa kwa mikono na magoti. Kinapapasa kwenye tope.

"Yule ni wa kwenu?" nauliza.

Mwenyekiti anavaa miwani, anakitazama. "Siyo wa kwetu," anasema.

Namwita Siwema. Hageuki. Namwita tena, kwa sauti yangu yote, na ndipo naona kwamba upande alionigeuzia ni ule wa kushoto.

Nasema basi, sijaribu tena, naishusha bunduki. Mwenyekiti anasema haipokelewi ikiwa na risasi, lazima kwanza niitoe. Nauvuta ule mkono wa mbao. Kinatoka kipande cha mwiko badala ya ganda. Nausukuma mkono urudi.

"Uniwie radhi," inasema bunduki, na inalia.

Sikugusa kifyatulio. Nataka hilo lieleweke. Kidole changu kilikuwa nje kabisa.

Marisau, vile vipunje vyeusi vya risasi, yanatoka mtutuni kipunje kimoja baada ya kingine, bila haraka, yanapita juu ya mahindi na kila kipunje kinapiga hodi kwenye kila bua. Mwenyekiti anainama yapite. Naruka kutoka dunguni na kuyakimbilia. Naweza kuyafikia, yanakwenda mwendo wa mtu anayetoka sokoni, lakini ni ya moto na ni mengi. Nakamata yale ninayoweza, natia mfukoni, mfuko unaungua, nakamata mengine. Naogopa. Sijawahi kuogopa namna hii maishani, hata siku tulipomshusha mama kaburini. Vipunje vilivyobaki vinanipita kwapani vikiomba njia.

Kiroba kinainua kichwa. Ni yeye. Uso una tope, na anatabasamu kidogo, kama zamani.

"Baba Pili," anasema, "kiatu chako nimekiona."

Nikaamka.

Kulikuwa kumeshapambazuka. Siwema alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, amenipa mgongo, anachana nywele. Mzima, na kanga yake kavu. Nilimtazama mpaka akahisi.

"Umehangaika usiku kucha," akasema. "Haya inuka, ukaoge. Kamati haitakungoja, na Mpendu asije akampa mtu mwingine."

Kitana kilikwama. Akakivuta, na kitu kidogo kikadondoka kutoka kwenye nywele zake, kikagonga sakafu na kubingirika hadi kwenye mguu wa kitanda. Akainama kukiokota. Nikamwona anapapasa kiunoni, chini ya kanga, anazipitia shanga zake kwa vidole, moja baada ya nyingine.

"Zangu hazijakatika," akasema. Akakipeleka kwenye mwanga wa dirisha, akakigeuza huku na huku. "Na ushanga gani huu, hauna tundu?"

Akaniwekea kiganjani. Kilikuwa cheusi, kizito kuliko umbo lake, na bado kina joto.

Nikamweleza ile tabia ya bunduki, yote, kama Mpendu alivyoninong'oneza. Alinisikiliza akiwa amenigeuzia sikio zima. Akasema Mpendu ameishi nayo na hakuna aliyekufa. Nikasema Mpendu alikuwa analinda peke yake. Akasema basi ipelekwe kwa fundi. Nikasema fundi aliyekuwa anaweza amehama, na hata angekuwepo, mimi kwenye kamati siendi, na bunduki ile haitaingia shambani kwangu yeye akiwa ndani yake.

Halafu akauliza, kwa upole, kama nakumbuka aliyosema siku ile akipepeta mchele.

"Nakumbuka," nikasema.

"Na dunguni sipandi."

"Usipande."

Aliniangalia kwa muda, akingoja niongeze neno. Lile nililowaambia nguruwe sikumwambia. Nikapanda juu ya kiti, nikamshushia sanduku lake kutoka juu ya kabati, nikalifuta vumbi, nikamfungulia.