Ukuta wa Chumba Namba Tatu

Mimi Mererid Prydderch nimeuza bia na kutandika vitanda katika nyumba ya wageni ya Ng'ombe Mwekundu, hapa Llanerfa, kwa miaka thelathini na mmoja. Kabla yangu alikuwa mama, na kabla yake bibi. Wote wapangaji, lakini kwetu ni hapa. Kwa hiyo Ffoulkes, wakili wa wenye nyumba wapya, aliposema mbele yangu kwamba hili ni jengo la juzijuzi tu, damu ilinichemka.

"Usijisumbue, mama," alisema. "Matofali matupu, madirisha marefu, mlango wa nguzo mbili. Nyumba za hivi zimejaa kila mji."

"Koma! Zamani wachungaji walikuwa wakiwavisha ng'ombe viatu vya chuma hapo uani, wakiwaswaga mpaka Uingereza. Pete za kuwafungia zipo mpaka leo."

"Pete si nyumba."

Walitaka kuibomoa wapate pa kuegesha magari. Tingatinga lilikuwa lije Jumatatu. Mtu mmoja tu angeweza kulizuia: Bi Tegwen Bebb, mkaguzi wa majengo ya kale. Akiandika kwamba nyumba ni kongwe, hakuna wa kuigusa.

Alifika Alhamisi asubuhi, viatu vyake vina matope, Ffoulkes nyuma yake. Alipanda, akashuka, akagonga kuta kwa vidole. Mwishowe akafunga daftari.

"Nimeona matofali na plasta, mama. Naandika ninachokiona, siandiki ninachosimuliwa."

"Mbao zimo ndani! Watu wetu walizifunika wenyewe. Mbao zilikuwa za wakulima, matofali ya waungwana. Kila mtu alitaka aonekane muungwana, wajinga wale!"

"Basi nionyeshe. Mimi siruhusiwi kuvunja ukuta bila idhini ya mwenye nyumba."

"Idhini hakuna," Ffoulkes alidakia. Akanigeukia, anatabasamu. "Na mkataba wako unaujua. Ukigusa ukuta, unafungasha."

Niliujua, tena kwa moyo. Nilisimama pale jikoni, sufuria ya mchuzi wa kondoo inachemka nyuma yangu, nikajiuliza nivunje ukuta upi. Nafasi ilikuwa moja. Ndipo nilipokumbuka kabati la chumba namba tatu. Tangu niko msichana halijawahi kukaa sawa. Ukiliegemeza ukutani, mlango wake unafunguka wenyewe, na wageni wanalalamika. Mama alikuwa akilichomekea kigae chini ya mguu. Sisi wote tulililaumu kabati, kumbe ukuta ndio uliovimba.

Nikachukua nyundo ya kuvunjia makaa.

"Mama Prydderch, unakwenda wapi?" Ffoulkes akanifuata ngazini, Bi Bebb nyuma yake. "Nakwambia, utalala nje!"

"Nitalala nje. Sogea, usije ukapigwa."

Nikalisukuma kabati kando. Nikapiga mara ya kwanza, plasta ikaanguka. Mara ya pili, udongo uliokandwa na manyoya ya mbuzi. Mara ya tatu nyundo ilidunda, mkono ukafa ganzi mpaka begani.

Ulikuwa mwaloni, mweusi, mnene kuliko kiuno changu. Ulipanda kutoka sakafuni umepinda, ukaelekea darini. Bi Bebb alipiga magoti kwenye vumbi, akauelekezea tochi.

"Wamepasua mti mmoja katikati," alisema. "Nusu hii hapa, pacha wake ukuta wa pili, na zinakutana juu. Nyumba ilianza kujengwa kwa hizi, matofali yalikuja baadaye. Tazama, fundi ameweka alama yake. Mama, huu ni mwaloni wa miaka mia tano!"

"Andika basi!"

Akaandika palepale, karatasi gotini.

Ffoulkes alikuwa amesawijika. "Ijumaa jioni nataka funguo," alisema.

"Chukua sasa hivi." Nikampa zote, hata ya ghala. "Mimi unaweza kunitoa, bwana. Hii, thubutu!"

Siku hizi nakaa ng'ambo ya barabara, juu ya duka la nyama. Ndiyo, nililia wiki nzima, sioni haya kusema. Mpangaji mpya ni mtoto wa watu, mpole. Jana alivuka barabara kuja kuniuliza shimo la namba tatu alizibe kwa kitu gani.

"Ukiliziba," nikamwambia, "nyundo ninayo bado."