Chai ya Kijani ya Mama Mkwe

Lornah, wifi yangu anayefanya kazi za nyumbani kwa matajiri kule Milimani, ndiye aliyeleta pakiti ile. Chai ya kijani. Tajiri wake alikuwa amechoka nayo. "Haina maziwa, haina sukari," Lornah alisema. "Wanasema inasafisha mwili." Basi! Mama mkwe wangu, Selpha, kusikia kusafisha, akaona ni dawa.

Na dawa kwetu Asembo inachemshwa. Aliyatia majani kwenye chungu chake cha miti shamba, yakatokota asubuhi nzima mpaka maji yakawa meusi. Kikombe asubuhi, kikombe mchana na ugali, kikombe jioni. Hata vidonge vya damu nilivyopewa kliniki alinimezesha kwa maji hayo hayo, ati visaidiane. Ilikuwa kali, we! Lakini nilikunywa. Ningekataa nini? Nilikuwa nimezika watoto wawili, hakuna aliyemaliza juma. Mimba hii ya tatu sikuiombea wala sikuinunulia hata soksi. Watu wakinipa hongera, nilizisikia kama redio ya jirani.

Mimba ilipofika mwezi wa saba, Sista Nasipwondi wa kliniki alinivuta kope la chini, akanipima damu.

"Beldina! Vidonge unameza ama unapea kuku?"

"Nameza, sista."

"Na nini?"

Nikamwambia. Akaweka kalamu chini. Chai yenyewe si sumu, akasema. Kikombe kimoja au viwili, nyepesi, mbali na chakula, haina neno. Lakini kali namna ile, tena pamoja na vidonge, inazuia nguvu ya vidonge isiingie kwenye damu.

"Ukizaa damu ikiwa chini hivi, ukivuja kidogo tu, tutawapoteza wote wawili. Kuanzia leo, meza na maji."

Jioni Mama Selpha alinipa kikombe kwa mikono miwili, kama kawaida.

"Mama, siwezi tena," nikasema, nikamweleza yote.

Nilingoja matusi. Hayakuja. Aliketi chini palepale jikoni, kikombe mkononi.

"Na wale wa kwanza?" akauliza. "Nao niliwachemshia dawa zangu, wote wawili. Beldina, ni mimi?"

Alitaka neno moja tu, hapana. Nililitafuta. Sikulipata.