Cherehani Ikisimama

Fundi alikuwa na kazi mbili kwenye cherehani yake: kushona nguo za watu na kumlisha mwanawe. Ya kwanza ilimpa riziki, ya pili ilimfunga miguu.

Mtoto mwenyewe walimwita Bosi, kwa jinsi alivyowaendesha. Daktari alisema ana usonji. Kwenye kiti hakai, sahani haigusi, ila mamake awe anakanyaga cherehani pembeni. Ikisimama, naye kasimama, na chakula ndiyo basi tena. Kwa hiyo asubuhi, mchana na jioni mwanamke wa watu anakanyaga, kuna kitambaa hakuna kitambaa. Harusi za ndugu zake alizisikia kwa simu.

Mama mkwe alipokuja kuwatembelea, siku ya kwanza aliguna tu. Ya pili yakamshinda.

"Huyu kadekezwa! Samaki mkunje angali mbichi. Leo atakula bila hilo dude lako, na asipokula naondoka naye, nikamnyooshe kwangu. Mumeo nimeshamwambia, kakubali."

"Mama, si kudeka. Ndivyo alivyo."

"Hebu toka nje. Mbele yako anajidai."

Akatoka. Komeo likafungwa nyuma yake. Alisimama uani. Akivunja mlango, ataitwa mkaidi. Akinyamaza, mwanawe anachukuliwa. Akasikia kiti kikianguka, kisha kilio, kisha kile kishindo anachokijua: kichwa cha mtoto kikigonga ukuta.

"Mama, nifungulie!"

Wapi! Hasira zikampanda, akatamani kumzaba kofi mama wa watu, Mungu amsamehe.

Mara cherehani ikalia. Ililia vibaya, inakwenda, inakwama, inarudi nyuma, kwa miguu isiyowahi kuigusa. Kilio kikapungua. Mwisho kikakatika kabisa.

Fundi akakimbilia dirishani. Mama mkwe alikuwa kwenye cherehani, kilemba kimemwangukia shingoni, jasho linamchuruzika, uzi umemzonga hadi viganjani. Bosi amekaa kitini, anakula, wala hana habari na mtu.

"Mama, fungua mlango basi."

"Nitafunguaje? Nikisimama anasimama!"

"Na kuondoka naye?"

"Nimpeleke wapi mie? Kwangu hata cherehani sina." Akahema, akakanyaga. "Kwani huchukua muda gani kushiba huyu?"

"Mpaka atakapoamua mwenyewe."

"Na jioni?"

"Jioni tena, mama. Na kesho."

Mama mkwe akazidi kukanyaga. Magoti yalikuwa yanamuuma, usoni ilionekana wazi. Kisha akageuza shingo, akamtazama mkwewe kama anamwona kwa mara ya kwanza.

"Hivi wewe mwenyewe huwa unakula saa ngapi?"

Tangu mtoto azaliwe, hakuna aliyewahi kumuuliza hilo. Fundi alifungua mdomo ajibu, kilio kikamtangulia. Akashika nondo za dirisha kwa mikono miwili, akalia kwa sauti, majirani wakisikia, na asijali.

"Lia, mwanangu," mama mkwe akasema. "Mimi nakanyaga."