Mashine Iliyolambishwa Chumvi

"Hii imeshakimbizwa leo," Mariana alisema, kiganja chake kikiwa juu ya boneti.

Abdulwahab, mwenye duka, alicheka kicheko cha kuuzia. "Jua hilo, mama. Jua la Kahama halichagui bati."

"Jua liko upande huu. Joto liko upande ule."

Mashine ilikuwa nyekundu, ya kukalia, yenye usukani mdogo kama sahani ya wali na tumbo pana la bati lililoficha visu vya kukatia nyasi. Ilitoka kambi ya mgodi mmoja huko Geita ambako, kwa maneno ya Abdulwahab, iliendeshwa na Mzungu mmoja mpole, tena Jumapili tu. Kila kitu cha mtumba dukani mle kiliwahi kumilikiwa na Mzungu mpole. Hata jenereta lililopasuka.

Pembeni yake ilisimama nyingine, ya kijani, mpya, nyepesi, nailoni ingali kwenye kiti. Bei zilikaribiana, zote za mtu asiye na uwezo wa kuchagua sana. Mariana aliigonga ya kijani kwa kidole chake kilichopinda. Ikalia kama debe. Akainama kutazama jinsi matairi ya mbele yalivyobanana.

"Kifua chembamba," alimwambia mumewe. "Haivuki masika haya."

Nkwabi aliitikia kwa kichwa. Katika ndoa yao hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, na aliifanya vizuri.

Kwa miaka mingi Mariana alikuwa akikata nyasi za bustani ya harusi ya Bi Mwamvua, kule Nyahanga, kwa fyekeo. Aliingilia getini akatokea ukuta wa nyuma, na kabla hajajinyoosha mgongo, za getini zilikuwa zimeshaota tena. Sasa mkono wake wa kulia haukupanda tena kupita sikio. Kazi ikapungua kasi, nyasi hazikupungua. Masika haya chura aliruka kutoka humo akaingia ndani ya shela la bibi harusi mmoja, na picha za tukio hilo zikafika Runzewe kabla ya keki kukatwa. Bi Mwamvua hakugomba. Alimwambia Mariana tu: "Mama Herman, ama mashine, ama pevingi." Pevingi, yale matofali ya zege ya kutandaza uwanjani, zilishashushwa getini. Fundi wake, Magesa, alikuwa aanze siku hiyo hiyo ya kununua mashine. Zikipangwa bustani nzima, hakuna atakayemhitaji mtu wa kukata zege.

Ndipo wakaliswaga dume lao la jembe hadi mnadani, wakaliuza, wakarudi na kamba mikononi.

"Iwashe," Mariana alisema.

Ilinguruma mara moja, kwa sauti nzito iliyotikisa mabati ya duka. Nkwabi akatabasamu. Mariana akamfinya. Mnadani mnunuzi hatabasamu.

"Ina sauti ya dume, sikatai," alisema. "Lakini sikiliza, baba. Huko kwetu mtu mwenye ng'ombe dhaifu humlambisha chumvi usiku, asubuhi akamnywesha maji. Ng'ombe anafika mnadani kajaa, mbavu zote zimepotea. Wewe hii umeilambisha chumvi kabla sijafika."

"Mama, hii inakunywa petroli."

"Basi nataka niione ikiwa imeamka na njaa. Na dume la jembe tunalijaribu shambani kwanza, hatulinunui kwa kulitazama makalio. Niazime nikaikatie nyasi."

"Ukikimbia nayo?"

"Kwa mwendo huu?"

Swaleh, fundi wa duka, aligeuka ukutani kuficha meno. Abdulwahab akajikuna kidevu. "Lazima uache rehani."

Mariana alitazama huku na huku, kisha akamsukuma mumewe mbele kidogo. "Huyu hapa. Mzima. Anakula chochote. Meno mawili hayapo, lakini yalitoka akiwa mikononi mwangu, kwa hiyo historia yake naijua. Ya mashine yako siijui."

"Na nikimchukua moja kwa moja?"

"Utakuwa umeuza mashine kwa hasara."

Nkwabi alitafuta mahali penye kivuli, akakaa kwenye ndoo ya rangi iliyopinduliwa. Mashine ilipakiwa kwenye kirikuu, kigari cha mizigo cha duka, Swaleh akapanda nyuma kuilinda.

Bustanini, Magesa alikuwa ameshapigilia vigingi vyake getini na kufungua kamba ya kupimia. Bi Mwamvua alikaa barazani na kikombe cha tangawizi, ncha moja ya mtandio ikiburuza.

"Shikamoo, Hajjati."

"Marahaba, Mama Herman. Ndiyo hiyo?"

"Ndiyo inayoomba kazi."

Swaleh alimwonyesha palipo na breki, gia na mpini wa kushusha visu. Mariana akakunja khanga katikati ya magoti, akapanda. Mstari wa kwanza ulikwenda kama mtu anayetoka kilabuni. Wa pili ulinyooka. Nyasi ziliruka ubavuni mwa mashine, harufu mbichi ikapanda, na nyuma yake pakabaki zulia. Alishika usukani kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikaa mapajani, kiganja juu, kama mgeni ambaye hajaelezwa pa kukaa. Aliutazama mara mbili.

"Maashallah," Bi Mwamvua alisema, akasimama. "Magesa, ngoja kwanza."

Mizunguko michache tu kutoka getini, mashine ikanyamaza.

"Imezimika?" Bi Mwamvua aliuliza.

"Nimeizima."

"Kwa nini?"

"Ilale."

Swaleh alikuja mbio. "Mama, ikiwa ya moto ndiyo uiendeshe! Ungemaliza bustani yote sasa hivi."

"Najua. Hata ng'ombe aliyeshiba chumvi anamaliza siku hiyo. Kesho asubuhi nani atakuja kunilambishia? Wewe?"

Hakushuka. Alikaa juu ya kiti chake katikati ya nyasi, jua likimpiga utosini, kama mtu anayesubiri basi ambalo halina njia hiyo. Magesa alikaa juu ya lundo la pevingi. Kikombe cha tangawizi kilijazwa tena. Wapita njia walichungulia getini, wakauliza kama kuna msiba.

Bi Mwamvua hakuzoea kungoja kitu bila kukikatia bei. "Haya, Mama Herman, tuseme moja. Ikiwaka yenyewe, bila kubembelezwa, Magesa anapakia mawe yake na bustani unabaki nayo. Isipowaka, anapanga mpaka ukutani."

"Mpaka hapa ilipolala."

"Hapo kwa nini?"

"Magari ya wageni yatatosha. Huko nyuma waache maharusi wapige picha kwenye kijani. Nani anataka kukumbuka ndoa yake akiwa amesimama kwenye stendi ya mabasi? Na kipande hicho nakiweza kwa fyekeo. Nitakukatia kabla chura hajajua."

Bi Mwamvua aliitazama mashine iliyokuwa imenguruma vizuri vile, akapima kwa jicho kutoka getini hadi tairi lake la nyuma. Hapakuwa parefu. Mariana aliegesha pale kwa kukusudia au kwa bahati, hakuulizwa. Wafanyabiashara hawaulizani hivyo.

"Haya," Bi Mwamvua alisema. "Itawaka tu."

Mariana aliigusa boneti kwa mgongo wa mkono, kama anayepima homa ya mtoto. Ilikuwa imepoa. Akazungusha ufunguo.

Tk.

Akauzungusha tena.

Tk.

"Betri hiyo!" Swaleh alipiga kelele, ameshatoa waya. "Betri tu, mama. Niiguse kidogo na ya kirikuu, uone."

"Dume letu la kwanza nalo lilikufa moyo tu," Mariana alisema. "Kwingine kote lilikuwa zima."

Magesa alicheka mpaka akaporomoka kutoka juu ya lundo. Bi Mwamvua alivua miwani akaifuta kwa mtandio.

"Lakini mama, kweli ni betri," Swaleh alisema, sasa kwa sauti ndogo, bila ya ufundi wala uuzaji. "Betri inanunuliwa."

Wenzake walipokuwa bado wanafuta machozi, Mariana aliinama kidogo juu ya usukani na kuzungusha ufunguo mara ya tatu, polepole, kama mtu anayefungua mlango wa chumba alimolala mgonjwa.

Tk.

Akashuka. Alikung'uta vipande vya nyasi kwenye khanga, akampigia Abdulwahab simu.

"Nirudishie mume wangu."

"Amekula ubwabwa wangu sahani mbili, mama!"

"Si nilikwambia anakula chochote? Mpe nauli."

Swaleh na dereva walijaribu kuisukuma mashine hadi kwenye kirikuu, lakini gia iling'ang'ania. Magesa hakuwangoja. Alifunga kamba yake kwenye tairi la nyuma, akaivuta hadi ukuta wa kulia, akarudi akaivuta hadi wa kushoto. Upande mmoja zilikuwa nyasi alizonyoa Mariana, fupi, za kijani kibichi, zikinukia bado. Magesa alikanyaga katikati yake na sururu, akatema mate viganjani.

Upande wa pili nyasi zilifika magotini. Mariana alilichukua fyekeo lake lililoegemezwa mgombani. Kisha akalihamishia mkono wa kushoto, akalipima uzito kama kitu cha mtu mwingine.

Pigo la kwanza lilikata upepo. La pili likashika.