Vidole Vinne vya Bewor

Harufu ya mafuta ya taa ndiyo iliyomwamsha Komawut usingizi wa mchana. Ilitoka kwa shemeji yake Yirim, mchongaji, nyumba ya pili tu. Akaenda akachungulia. Yirim alikuwa anaipaka nguzo mafuta kwa kitambaa, polepole, kama anayemwogesha mtoto mchanga.

Nguzo ya marehemu, iliyochongwa kwa sura yake, haikingwi kwa mafuta dhidi ya mchwa. Ikishaitwa jina lake na kuchezewa ngoma, hupelekwa kwenye misago, ile mitende ya kinamasini inayowapa unga, ikaoze, nguvu yake iwaingie walio hai kwa chakula, naye mwenyewe avuke kwa wazee wake. Ya mwanawe Bewor ilipelekwa miezi miwili nyuma. Na nani? Na huyu huyu Yirim.

"Shemeji, hiyo ya nani?"

"Ya mnunuzi. Mashua inakuja maji yakijaa."

"Uso kama naujua."

"Mkono wangu unajua uso mmoja tu, mama Bewor. Hata nikichonga kasia utasema linafanana na wewe."

"Na Bewor yuko wapi?"

"Yuko pale ulipomlilia. Nenda kamwulize."

Akavuta mkeka, akaifunika nguzo mpaka mikononi. Mbona mikono? Bewor aliumwa na mamba utotoni, akabaki na vidole vinne mkono wa kushoto, na Yirim alivichonga hivyo hivyo mbele ya watu wote.

Komawut alishika kasia lake. Kama mwanawe anauzwa, lazima arudishwe misagoni kabla ya mashua kuja, la sivyo atatangatanga ugenini, asiwe wa huku wala wa kule.

Kwenye misago alizama matopeni hadi magotini. Nguzo ilikuwepo, imelala. Hilo halikumtosha, mchongaji hashindwi kuchonga mbili. Akautafuta mkono wa kushoto, akahesabu. Vinne. Na kama cha tano kimekatwa jana ili kumpumbaza mama mtu? Akakipapasa kigutu: laini, kimeota ukungu, chokaa ya siku ya ngoma bado imo. Akainusa nguzo. Tope na uozo tu. Alipobonyeza kiganja, kikamong'onyoka, mchwa wakamtambaa vidoleni. Hakuwakung'uta.

Aliporudi, mashua ilikuwa inapakia. Mkeka ulikuwa umeondolewa. Mkono wa kushoto ulikuwa na vidole vitano, vizuri, vinang'aa.

"Umemkuta?" Yirim akauliza.

"Nimemkuta. Anaoza vizuri."

"Hiyo sijaiita jina. Ni mti wenye sura, basi."

"Mbona uliifunika?"

"Jua kali, mama. Mti mbichi hupasuka. Sasa uniombe radhi."

Komawut alikamua tope kwenye upindo wa sketi yake, asimtazame.

"Usiwe na haraka, shemeji. Mwezi ujao nitakwenda kumwangalia tena."